Kabla hujailaumu PubMed, angalia imekuelewaje
Mkuu, umesema ukitafuta PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, unapata ama makala maelfu ama sifuri, hakuna katikati. Nimepita hukohuko. Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito, nikaandika hivi: pregnancy AND anemia OR anaemia (hizo mbili za mwisho ni neno moja, tahajia ya Marekani na ya Uingereza). Zikamwagika makala za wazee, za watoto, za wagonjwa wa figo. Wiki nzima nikawa nasoma vichwa visivyonihusu, nikidhani ndivyo utafiti ulivyo.

Mkutubi mmoja alitazama skrini yangu, akacheka. PubMed husoma AND na OR kutoka kushoto kwenda kulia. Ilichukua zenye ujauzito na anemia, halafu ikajumlisha kila makala yenye anaemia, ya mjamzito au ya nani sijui. Dawa yake ni mabano tu: pregnancy AND (anemia OR anaemia). Na hizo AND na OR ni herufi kubwa.

Kisha akanifungulia ukurasa wa utafutaji wa kina. Kwenye historia, bonyeza kamshale kando ya utafutaji wako, utaona mashine ilivyoyatafsiri maneno yako. Mimi siku hizi siamini idadi yoyote ya matokeo kabla sijapita hapo. Neno moja linaweza kuzaa mengine kadhaa, pamoja na istilahi za MeSH, ile orodha ya istilahi rasmi za kuainisha makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1960. Wewe unaandika "heart attack", makala imebandikwa "Myocardial Infarction", na tafsiri hiyo ndiyo inayowakutanisha. Ukifunga maneno ndani ya alama za nukuu, unaizima. Baadhi ya sifuri zako nadhani zinatoka hapo.

Ukikwama kabisa, tafuta makala moja inayokufaa, shuka hadi chini, soma istilahi za MeSH ilizopewa, uzitumie. Ila usizitegemee peke yake. Makala mpya inaweza kuonekana kabla haijapewa istilahi hata moja, na nyingine hazipewi kabisa. Kwa hiyo unganisha kwa OR na maneno ya kawaida yanayotafutwa kwenye kichwa na ikisiri: unaandika neno, kisha tiab ndani ya mabano ya mraba. Hapo mashine haikusaidii tena, andika mwenyewe tahajia ya Uingereza na ya Marekani. Nyota inapunguza kazi: pregnan* inaleta pregnant, pregnancy na pregnancies.

Hili la MeSH liliniumbua mara ya pili. Nilibonyeza kichujio cha binadamu, kwani nani anataka panya? Kumbe nacho kinategemea istilahi hizohizo. Makala mpya ambazo hazijabandikwa zikatoka zote, msimamizi wangu akaniuliza mbona marejeo yangu yote ya kale.

NOT nayo iogope. Ukiandika NOT infant umeondoa pia kila makala inayozungumzia mama na mtoto wake kwa pamoja, na kwenye mada kama yangu hizo ndizo nyingi.

Bandika hapa mstari wako wa utafutaji kama ulivyouandika, na mabano yake kama yapo, tuuone.