Mwanangu, bibiyo yumo

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako niliusoma baada ya isha, nikaona si wa kujibiwa kwa simu. Wasema ulipokuja Idi bibi yako alikutazama usoni akauliza mgeni huyu katoka wapi, na mwalimu wenu huko chuoni kawafundisha kwamba mtu ni kumbukumbu zake. Basi umepiga hesabu ukaona yule aliyekulea hapa Kibokoni ashaondoka, tumebaki na mwili tu. Ukaongeza la pili: wewe nawe ukija kusahau yote, utakuwa nani?

Mwalimu wenu hakuyazua. Ni maneno ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, aliyeyatia katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1694: mtu wa leo ni yuleyule wa jana kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo ya jana. Alikuwa akiwaza habari za thawabu na adhabu, nani awajibike kwa lipi, na kwa kazi hiyo hoja ina uzito. Lakini Thomas Reid, Mskoti, aliitia ufa mwaka 1785. Alisema, chukua mtoto aliyechapwa kwa kuiba matunda shambani. Akakua akawa askari, akateka bendera ya adui. Akazeeka akawa jenerali. Yule askari azikumbuka fimbo za utotoni. Jenerali aikumbuka bendera, fimbo kazisahau. Kwa kipimo cha Locke, jenerali ndiye askari, na askari ndiye mtoto, ila jenerali siye mtoto! Hata muuza kahawa wa barazani angeikataa hesabu hiyo.

Hoja inayonikaa mimi zaidi ni ya Bernard Williams, Mwingereza mwingine, ya mwaka 1970. Yeye alitaja mateso, mimi nakupunguzia. Tuseme nakwambia kesho asubuhi utang'olewa jino bila ganzi. Utaogopa. Kisha nakwambia usijali, usiku huu utasahau kila kitu, jina lako, sisi wazazi wako, hata kwamba nilikuonya. Je, hofu imekutoka? Mimi hainitoki. Naona imezidi, maana sasa nangojewa na maumivu na kusahau pia. Na anayeyaogopa maumivu ya kesho hivyo, ashakubali kwamba atakayeumia ni yeye.

Ndiyo maana nasema bibiyo yumo. Wiki iliyopita dada yako alimwogesha, maji yakazidi moto, akaruka: "Mwaniunguza!" Aliyeungua ni nani? Hakuna mwengine mle ndani aliyekodishwa kuhisi kwa niaba yake.

Na usidhani fikra hii ni ya Wazungu peke yao. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, mzima, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani. Haoni, hasikii, hagusi chochote. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina akajibu atajua. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba nafsi si kiwiliwili, na hilo limebishaniwa karne na karne. Mimi nachukua jambo dogo tu: mtu huyo kaumbwa sasa hivi, hana jana. Hana hata kumbukumbu moja, na bado anajijua.

Sikatai kwamba kuna kilichopotea. Visa vyake vya harusi za Mji wa Kale, utani wake, jinsi alivyojua nani kazaliwa na nani mtaa mzima: hivyo vimekwenda, nami huvililia. Lakini hata kukumbuka kwenyewe si kwa namna moja. Marekani kulikuwa na mtu, Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, tangu hapo asiweze kushika jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku aliona ndiyo mara yake ya kwanza, na kila siku mkono ulizidi kuwa hodari. Mpe bibiyo miyaa iliyochanwa ya kusukia mikeka uone. Vidole vyaanza vyenyewe, na mwaa ukikaribia kwisha achomeka mwengine bila kuangalia. Juzi binti wa jirani alisuka ukili kombo. Bibiyo akamnyang'anya, akaufumua mpaka penye kosa, akamrudishia bila neno.

Ukitaka kujua ubongo huzaaje huku kuhisi, hapo sina la kukupa. Mwaka 1998 Christof Koch, mtaalamu wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba jibu litapatikana ndani ya miaka 25. Mwaka 2023 Koch akakubali kashindwa, akalipa kasha la mvinyo. (Kwetu wangewekeana halua.)

Sheria yetu nayo sikuipuuza. Aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi kwa sala iliyompita. Mali yake lakini haikuinuliwa. Nyumba hii ni yake hadi leo, na mimi ni mwangalizi tu. Ami yako aliponishauri tuiandike upya "kwa vile mama hayupo tena", nilimjibu vibaya kidogo.

Lile swali lako la pili basi, kwamba ukisahau yote utakuwa nani, ushalijibu mwenyewe kama hofu ya jino haikukutoka.

Ukija mwisho wa mwezi usimuulize, "Bibi, wanijua?" Swali hilo humtia wasiwasi, naliona kila mara. Taja jina lako, sema u mwana wa nani, ukae kushotoni kwake, ndiko anakosikia. Akikuita kwa jina la kakake marehemu, itika. Na mamako ataka ile dawa ya kuchua magoti, usisahau.

Wasalaam,
Babako