Aika, habari ya Kwaresima na riwaya zako

Aika mwanangu, huku Moshi mvua zimeanza, mgomba wa nyuma ya jiko umeanguka na mkungu wake na baba yako kaninunia kama vile mimi ndo nimeusukuma.

Umeniuliza Kwaresima hii uweke pembeni riwaya zako zote mpaka Pasaka ubaki na Biblia tu, naonaje. Sasa mimi nikisikia mtu anaacha kitabu kwa ajili ya Mungu moyo unanipasuka, na sababu unaijua, ile habari ya kitabu cha mjomba wako mmeisikia mpaka mmechoka. Ila kuna kipande huwa siwaambii.

Ilikuwa Jumamosi, darasa la kipaimara, nimekaa benchi la nyuma, kitabu cha upelelezi nimekibana katikati ya kitabu cha nyimbo, na ndo muuaji anakaribia kujulikana. Mwalimu akatokea kwa nyuma. Wala hakunichapa. Alisoma Matendo 19 kwa sauti mbele ya wenzangu, wale wa Efeso waliochoma vitabu vya fedha elfu hamsini, akanishika mkono mpaka jiko la usharika, kina mama wanapika makande, akakisokomeza chini ya sufuria. Kava ikajikunja kwanza, gundi ikatoa harufu, mama mmoja akasema haya, leo maharage yataiva mapema. Jiko zima likacheka. Mwanangu, kile kicheko nakisikia mpaka leo. Kitabu nilimlipa mjomba wako kwa hela ya kuchumia watu kahawa, na muuaji simjui mpaka kesho.

Kipande chenyewe ni hiki. Usiku ule nilichukua Biblia ya bibi yako nikaenda na kibatari kuitafuta hiyo Matendo 19, nimkamate mwalimu na uongo. Hakudanganya. Lakini wale watu walikuwa waganga, na walikusanya vitabu VYAO wenyewe wakavichoma, hakuna aliyemnyang'anya binti wa watu chake mkononi. Nikazidi kuchimba, kurasa chache nyuma nikamkuta Paulo yuko Athene anawatajia maneno ya washairi wao wapagani, sasa hayo aliyatoa wapi kama hasomi? Na Paulo huyo huyo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Ndo maana nawaambia kila siku, Mungu hana wivu na kitabu. Najua imeandikwa ni Mungu mwenye wivu, hiyo ni habari ya sanamu.

Kwa hiyo usinicheke, Biblia mimi nilianza kuisoma kwa hasira, kabla ya hapo nilikuwa nasoma ile mistari ya kukariri basi. Sasa hapo ndo nashindwa, ina maana yule mwalimu alinifanyia jema? Hapana. Hilo silikubali, hata kama baba yako anasema ndivyo. Tumuache mwalimu alale pema.

Halafu nikiangalia vizuri hoja yangu inanigeukia mwenyewe, maana wewe hakuna aliyekunyang'anya, unaweka chini kwa hiari yako kama wale wa Efeso. Ila riwaya sio uganga! Ila nawe nakujua, ukishika riwaya ugali unaungua uko pembeni yake, na mjukuu wangu juzi kaenda shule na soksi moja nyeupe moja bluu. Sasa mtu wa hivyo labda akipumzika kidogo... Haya, sisemi. Wewe ni mtu mzima na una Mungu wako, ulimi unaniwasha lakini sisemi, ila Mungu hana wivu na kitabu, hilo nimeshasema.

Ukiamua kuziacha basi usizigawe hapo Arusha kwa watu wasiorudisha. Zifunge kwenye mfuko umpe mdogo wako akija wikiendi, nitakutunzia mpaka Pasaka, hasa zile za upelelezi.

Mama yako.