Kujisafisha Kwangu Ndiko Kulikoniponza

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naoga mara tatu kwa siku, na kila nikioga naingiza kidole chenye sabuni ukeni. Nilikuwa nanuka shombo ya samaki, tena ilizidi baada ya tendo la ndoa. Ute ulikuwa mwepesi, wa kijivujivu, unalowanisha chupi. Kadiri nilivyosugua ndivyo harufu ilivyorudi upesi, hadi nikawa naogopa kukaa karibu na watu. Kumbe nilikuwa na vajinosisi ya bakteria (bacterial vaginosis), yaani bakteria wa ukeni kukosa uwiano.

Nilinunua dawa ya fangasi mara mbili bila kupima. Haikunisaidia, kwa sababu fangasi ni ugonjwa mwingine: huwasha sana, na uchafu wake ni mzito, mweupe kama maziwa mgando, kwa kawaida bila harufu kali. Dada zangu, kapimeni kwanza.

Muuguzi aliyenipokea aliniuliza, "Dada, unajisafishaje?" Nilipomweleza, akachukua ute kidogo kwa pamba, akaugusisha kwenye karatasi ya kupimia asidi, akanionyesha ilivyobadilika rangi. Uke una walinzi wake, bakteria wazuri waitwao laktobasili. Hao hutengeneza asidi ya laktiki, na kwa asidi hiyo pH ya ukeni, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ndogo ni asidi kali zaidi, hukaa kati ya 3.8 na 4.5. Mimi nilikuwa nawafagia walinzi hao kila siku kwa sabuni. Wakipungua, asidi hushuka, na bakteria kama Gadinerela, ambao hata mwanamke mzima wa afya anaweza kuwa nao wachache, huzaliana hadi kutawala. Ile shombo ni yao.

Sabuni si chanzo pekee. Shahawa na damu ya hedhi hupunguza asidi, ndiyo maana wengine huona dalili zikirudi wakati huo. Kuwa na mwenza mpya au wenza wengi huongeza uwezekano, kondomu huupunguza. Uvutaji sigara nao umo. Choo cha kukalia hakihusiki kabisa, msisumbuke nacho. Tena usikimbilie kumtuhumu mumeo kwa usaliti, maana ugonjwa huu peke yake hauthibitishi hilo.

Mjamzito asingoje hata siku moja, kwani maambukizi haya yanahusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Pia hurahisisha kuambukizwa VVU. Na wanawake wengi wana vajinosisi hii bila dalili yoyote.

Niliandikiwa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 7. Ugonjwa huu una tabia ya kujirudia. Ukikurudia, muulize daktari kama mwenza wako wa kiume naye atibiwe. Shombo iliniisha siku ya nne, nikamaliza vidonge vyote. Sasa nje naosha kwa maji matupu, ndani siingizi kitu.