Koliflawa ya oveni ilie mdomoni: shida yako ni maji, si moto

Dada uliyeuliza kutoka Bamburi, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ni kama umeniandika mimi wa miaka minne iliyopita. Umesema unakata koliflawa, unaipaka mafuta na bizari, unaitia ovenini nusu saa, na kila ukifungua inatoka imelegea, imejitoa maji, rangi yake ya majivu, na watoto wanaisukuma pembeni ya sahani. Unataka ya kulia na samaki wa kupaka badala ya chipsi. Walionitangulia wamekujibu "ongeza moto". Si uongo, lakini hiyo ni robo ya jawabu. Ukiongeza moto kwa koliflawa iliyolowa utapata iliyoungua ncha na kuchemka katikati.

Kwanza nikwambie nilivyoingia kwenye mambo haya, kisha nitakupa kazi yenyewe.

Mamangu ni mtu wa viazi karai. Jioni bila viazi karai na chatini ya ukwaju kwake si jioni. Alipopimwa sukari na kuambiwa apunguze wanga, kitu cha kwanza kuulizia si dawa, ni viazi. Nikaanza kutafuta kitu cha kutafuna chenye chumvi na ndimu kisichokuwa kiazi. Koliflawa mbichi gramu 100 ina kama kalori 25 na wanga gramu 5. Kiazi kibichi uzito huohuo kina kama kalori 77 na wanga gramu 17. Kwa karatasi ilikuwa kazi rahisi. Mdomoni ndipo palipokuwa na kesi.

Na msijidanganye na neno "afya". Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120. Ukimimina mafuta kwa kukisia, umerudi kulekule kwenye karai. Mimi natia vijiko vitatu kwa koliflawa ya kilo moja, tunakula watu wanne. Wala si dawa ya sukari. Mamangu kliniki yake anakwenda vilevile.

Mara yangu ya kwanza kuipika mbele za watu ilikuwa Ramadhani, wakwe wamealikwa futari. Nikajitia ujanja, nikapika mapema, saa kumi alasiri iko tayari, imepiga rangi nzuri. Ili isipoe nikaitia kwenye hotipoti nikafunga. Adhana ikapigwa, tende zikaliwa, uji ukanywewa, nikafungua hotipoti kwa mbwembwe. Kifuniko kinatiririka maji kwa ndani kama kioo cha matatu siku ya mvua. Chini, vishada vimelala vimenyong'onyea. Mama mkwe akachukua kimoja, akakitafuna polepole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kuna mgonjwa humu ndani?" Hakukusudia ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi kuanzia siku hiyo nimeacha kuwaza moto, nawaza maji. Koliflawa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji. Juu yake kuna maji ya kuoshea, na sisi wa Mombasa tuna na maji ya hewani. Maadamu chakula kimelowa juu, joto lake pale juu halipandi mbali na nyuzi 100, maana moto wote unatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Ile rangi ya hudhurungi yenye utamu inaanza kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo ile nusu saa yako, dada, sehemu kubwa inakwenda kuanika koliflawa, si kuichoma.

Tuanzie sokoni. Koliflawa haioti kwetu, inataka baridi. Inashuka na malori kutoka bara, huko Limuru na Kinangop, inapita joto lote la njiani. Ukienda Kongowea nenda alfajiri. Marikiti pia utapata, lakini ikifika adhuhuri imeshashinda juani inatoka jasho. Chagua iliyofungamana, nzito kuliko unavyoidhania, majani yake bado mabichi. Yenye madoadoa meusi hata ukipunguziwa bei iache. Majani usimwachie muuzaji, nitakwambia kwa nini.

Kata kabla ya kuosha. Najua wengi tunaosha kizima, lakini wadudu wale wa kijani wanajificha ndani kwenye mashina, maji ya juu hayawafikii. Kata vishada vya ukubwa wa kaimati kubwa, kisha kila kishada kipasue katikati kupitia shina lake, kipate uso bapa. Uso bapa huo ndio utakaogusa chuma, na panapogusa chuma ndipo panapokauka. Kishada cha mviringo kinagusa trei kwa nukta moja tu. Loweka kwenye maji ya chumvi dakika kumi, wadudu waelee, suuza.

Sasa hapa ndipo kila mtu anapoharibu, na mimi niliharibu mwaka mzima. Kuchuja kwenye chujio hakutoshi. Kile kichwa cha koliflawa kimejaa vijipenyo, maji yanakaa humo kama umande. Ninachofanya ni hivi: natandaza leso kuukuu ya pamba mezani, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini na jina lake limefutika limebaki neno moja tu, "wivu". Naweka vishada katikati, nakusanya ncha nne mkononi, natoka nayo roshani na kuizungusha kwa nguvu kama mtu anayerusha kombeo. Maji yanaruka! Mara ya kwanza utashangaa yametoka wapi. Jirani yangu wa chini amezoea sasa, akiona matone na hakuna wingu anajua kwangu leo kuna koliflawa. Kisha navitandaza kwenye sinia kubwa, safu moja, naviweka chini ya pangaboi saa nzima. Nikiwa na haraka nusu saa. Ukivigusa vinatakiwa vikwaruze kidole kidogo, visiteleze.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema uichemshe kwanza dakika tano ndipo uipeleke ovenini. Kwa heshima zote, kwa hili la kukauka sikubaliani naye. Kuchemsha ni kuijaza maji tuliyohangaika kuyatoa, na sehemu ya vitamini C inabaki kwenye maji unayomwaga. Kama unataka ya kuponda, sawa, chemsha.

Mafuta: tumia ya alizeti, yale ya kawaida ya kupikia. Najua pwani mkono unakwenda kwenye nazi wenyewe. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa yanaanza kutoa moshi kabla oveni haijafika joto tunalolitaka, na jikoni kwangu madirisha mawili tu. Paka vishada mafuta kwa mkono mpaka kila kimoja king'are, ndipo unyunyize vijiko viwili vya mezani vya unga wa mchele. Huu ni ule unga wa vitumbua. Unashika unyevu uliobaki na unajenga ganda jembamba. Nimejaribu unga wa dengu pia, wa bhajia. Unapendeza kwa ladha lakini ganda ni zito, na ukizidi unakuwa vumbi mdomoni. Unga wa ngano sikushauri.

Chumvi ni ya mwisho, trei ikiwa karibu kuingia, kwa sababu chumvi inavuta maji. Ukitia chumvi halafu ukaenda kuswali, ukirudi utakuta kidimbwi. Ndimu hata usiiguse mpaka mezani. Viungo natia pilipili manga na bizari nyembamba iliyotwangwa, na manjano kidogo ya kuficha weupe kwa ajili ya watoto. Thomu mbichi inaungua kwa joto lile na kuwa chungu, kwa hiyo naipaka dakika tano za mwisho, au naiacha iingie kwenye chatini. Mengine ni mapenzi yako.

Oveni iwashe mapema, nyuzi 220, na trei tupu iwe ndani tangu mwanzo, ipate moto. Unapoweka vishada unatakiwa usikie *chwaaa*. Usiposikia, toa, subiri. Trei iwe ya chuma au alumini. Bakuli la kioo ni la kuokea makaroni. Uso bapa chini, na kati ya kishada na kishada papite kidole. Hapa watu hubana kwa sababu ya ubahili wa gesi, nami naelewa, mtungi wa kilo 13 si mchezo. Lakini vikibanana vinapikana kwa mvuke wao wenyewe. Bora trei mbili, au awamu mbili.

Halafu msiamini kitufe cha oveni. Jiko langu nilinunua mkononi, nikawa nailaumu koliflawa miezi. Nikaja kununua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Nikiweka 220, ndani ni 190. Sasa naweka juu zaidi, mambo yamenyooka. Na kama oveni yako ni ya gesi kuna jambo jingine: gesi ikiungua nayo inatoa mvuke. Kwa hiyo dakika ya kumi na tano fungua mlango kidogo, uache wingu litoke usoni mwako (ondoa miwani), funga. Usikoroge. Dakika ya ishirini geuza kwa mwiko bapa. Upande wa chini uwe na rangi ya kahawa ya tangawizi, si ya dhahabu. Ya dhahabu inadanganya, ikikaa mezani dakika mbili imelegea. Rudisha dakika kumi hadi kumi na tano. Yale majani niliyokwambia usiyaache, yapake tone la mafuta na uyatupie juu dakika nane za mwisho. Yanakauka kama karatasi. Kwangu yanagombewa kuliko koliflawa yenyewe.

Ikitoka, usifunike. Si hotipoti, si foili, si sahani juu ya sahani. Nzi wakikusumbua weka kawa, lile la ukili linapumua. Iache kwenye waya wa kupoozea dakika mbili, ndipo ndimu na chumvi ya juu, ndipo mezani. Kwa hewa yetu una kama robo saa ya utamu wenyewe. Kwa hiyo panga samaki wako awe ameshaiva anasubiri, koliflawa iwe ya mwisho kabisa. Na kwa samaki wa kupaka usiiweke sahani moja, tui litaifikia. Chatini nayo iwe kwenye kibakuli, mtu achovye mwenyewe.

Aliyeuliza kuhusu kutokuwa na oveni: nimejaribu kupalia kama mkate wa kumimina, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ilipata rangi, lakini kifuniko kinazuia mvuke, kwa hiyo ndani ilikuwa supu. Nilichopata kizuri ni chuma cha chapati. Moto wa wastani, mafuta kidogo, uso bapa chini, bila kufunika, kama dakika nane bila kugusa, ugeuze. Upande mmoja utakauka vizuri sana, wa pili nusunusu. Kwa mtu mmoja au wawili inatosha. Wenye kile kikaangio cha hewa cha stima, nyuzi 200, dakika kumi na tano, na usikijaze zaidi ya nusu.

Ikibaki, usipashe kwenye maikrowevu. Irudishe ovenini au kwenye chuma kikavu dakika tano. Kwangu siku hizi haibaki. Mamangu anakuja jikoni na fimbo yake kabla sijaita mtu, anasimama karibu na waya, anakula ya moto anapuliza vidole, na ukimwambia mama njoo mezani anasema anaionja chumvi tu. Viazi karai hajaviacha kabisa, nisiwadanganye. Ijumaa ana viwili vyake.

Ukijaribu, rudi utuambie oveni yako moto uko chini tu au una na wa juu. Kama ni chini tu, shusha trei ngazi ya pili kutoka chini kabla hujaanza kulaumu unga.