Kilo 53: nizilenge zote kwa pamoja au mbili mbili?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 39, urefu wangu ni sentimita 162, na juzi nimepima kliniki nikakuta kilo 118. Natumia dawa ya presha. Sukari wameniambia iko mpakani, bado haijawa kisukari. Mwaka jana nilianza nikiwa na kilo 116, nikajiwekea lengo la kufika 65. Miezi miwili na nusu nikapungua kilo tisa, halafu mzani ukagoma wiki tatu nzima. Nikakata tamaa, nikaacha. Zote zimerudi na mbili za nyongeza. Sasa nataka kuanza tena. Dada yangu ananiambia niisahau hiyo 65, nijipangie kilo mbili mbili tu. Mwalimu wa jimu anasema lengo dogo huzaa juhudi ndogo, nibandike namba 65 mlangoni niione kila asubuhi. Nimfuate nani? Halafu miezi mitano ijayo kuna harusi ya mdogo wangu. Fundi anataka vipimo vya sare, nimemwambia asubiri nifike 80.

Mama Wawili, Morogoro

JIBU

Nzuri, Mama Wawili. Nianze na zile kilo tisa, maana umezipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kilo tisa kati ya 116 ni karibu asilimia 8. Sasa sikia. Kule Marekani kulifanyika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa kisukari, yaani mpakani kama yako. Kundi mojawapo lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi ya kiasi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka mitatu. Walioangukia kwenye kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Waliopewa metformin, vidonge vya kisukari, upungufu ulikuwa asilimia 31.

Asilimia 7 yako mwaka jana ilikuwa kilo nane. Wewe ulitoa tisa. Ulishafika mahali ambapo mwili ulikuwa umeanza kukulipa, kwenye sukari na pengine kwenye presha, ila daftari lako lilikuwa na namba moja tu, 65, na kwa hesabu ya daftari hilo ulikuwa umebakiza kilo 42. Nani asingekata tamaa? Basi la Msamvu kwenda Dar linasimama Chalinze, watu wanashuka, wanakunywa chai, wanapanda tena. La kwako halikuwa na kituo.

Sasa hao washauri wako wawili. Dada yako anaamini lengo kubwa linavunja moyo. Wengi wa fani yangu walilisema hilo kwa miaka, nami nimelisema. Lakini mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha makala ya watafiti walioipekua imani hiyo wakaiweka kwenye fungu la hadithi tu: inasikika vizuri, ushahidi hauibebi. Wapo watu wenye malengo makubwa waliopungua vizuri kuliko wenye malengo ya wastani. Hivyo ukiitaka 65, siikatazi.

Tabu ya lengo kubwa iko kwingine, kwenye kuhukumu ulichokwisha kupata. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliandika habari za wanawake 60 wanene walioulizwa, kabla ya kuanza, wataje uzito wa ndoto zao, uzito utakaowafurahisha, uzito wanaoweza kuukubali, na uzito ambao wakiishia hapo watasononeka. Baada ya wiki 48 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 16. Kilo 16 ni ndoo ya maji karibu kujaa, umeitua kichwani! Na bado karibu nusu yao hawakufika hata kwenye ule uzito wa kusononeka. Ndiyo maana hiyo namba ya mlangoni siipendi. Iandike ukurasa wa mwisho wa daftari, funga.

Kilo mbili mbili za dada yako zina kasoro ya kipimo. Uzito wa mtu mzima unayumba kilo moja hadi mbili kwa siku moja bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Umekula dagaa wa chumvi jana, mwili umeshika maji. Unakaribia hedhi, vilevile. Hujapata choo tangu juzi, vilevile. Kwa hiyo lengo la kilo mbili linamezwa na kuyumba huko: Jumanne umelifikia, Alhamisi limekuponyoka, Jumamosi umelifikia tena, na mafuta ya mwili yako palepale. Tena wiki ya kwanza litakudanganya. Ukipunguza chakula, mwili unaanza kutumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo imeshikana na gramu kama tatu za maji. Unaona kilo tatu zimeondoka ndani ya siku sita, unapiga vigelegele. Sehemu kubwa ni maji.

Kuna jingine ambalo watu wa kugawanya sawasawa hawalioni. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba hakiongezi ugumu kadiri kinavyojaa. Mwili unaongeza. Mwili wa kilo 118 unakula nishati nyingi hata ukiwa umekaa, na kila ukisimama unabeba kilo 118. Ukifika 105, kuuendesha kunahitaji chakula kidogo zaidi, na njaa nayo inapanda. Sahani iliyokushusha kutoka 118 itafika mahali ikusimamishe tu, bila wewe kuiba hata andazi moja. Ndiko kugoma kwa mzani huko. Pengine hukukosea kitu zile wiki tatu. Ulikuwa umefika pale chakula kinachoingia na nishati inayotoka vinapolingana. Anayepanga kilo nne kila mwezi kwa mwaka mzima atafaulu mwanzoni, kisha ataanza kujilaumu kwa kosa la hesabu.

Kwa hiyo ninagawa kwa asilimia. Kituo chako cha kwanza ni asilimia 5 ya 118, yaani kufika 112. Cha pili ni asilimia 10, kufika 106. Ukienda nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, hicho cha pili ni kazi ya miezi mitatu hadi sita. Ukifika 106, mimi huwasimamisha wateja wangu kwa makusudi wiki sita hadi nane. Lengo la wiki hizo ni kubaki hapohapo, basi. Wengi hulipinga, wanaona wanapoteza muda, lakini kubaki ni ufundi wake, na mwaka jana hukuwahi kuujaribu hata siku moja: ulishuka, ukasimama, ukaachia. Baada ya hapo tunapiga asilimia 10 nyingine kutoka 106, tunaitafuta 95. Kisha 86.

Hizo ni kilo, na kilo hazitii amri. Huwezi kuamka Jumatatu ukaamua kupunguza gramu 700. Unachoweza kuamua ni mkono wako ufanye nini, na hapo ndipo ninapotaka malengo madogo, madogo kweli.

Nilikuwa na mteja mmoja aliyeapa kwamba hali mafuta. Nikamwomba amimine kwenye sufuria kavu kama anavyomimina nyumbani akikaanga mboga ya watu wanne. Akainamisha kidumu, akatulia kidogo, akakata. Tukayachota kwa kijiko cha chakula tukihesabu: saba. Akacheka, akasema, “Na hapo nimebana kwa sababu unaniangalia.” Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Tukakubaliana vitatu, vipimwe kwa kijiko, kidumu kikae chini ya meza. Vinne vilivyookolewa ni kalori 480. Gawa kwa walaji wanne ni 120 kwa mlo, na kwa anayepika mchana na jioni ni 240 kwa siku. Ugali haukuguswa, watoto hawakulalamika, na yeye alikuwa na lengo analoweza kulijibu ndiyo au hapana kila anapowasha jiko.

Chagua ya namna hiyo matatu, yasizidi. Kama unakunywa soda, moja liwe hilo, maana chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa. La pili mafuta. La tatu kutembea: toka nyumbani na saa, dakika 15 kwenda, geuka, 15 kurudi, siku tano kwa wiki, na zile 150 zimetimia. Kuruka kamba na kurukaruka kwa namna yoyote kwa sasa hapana, hata mwalimu wa jimu akisisitiza. Magoti yako yana mzigo wa kutosha. Kila wiki mbili angalia: lililokuwa rahisi limekuwa mazoea, ongeza jingine; lililokushinda lipunguze mpaka uliweze. Mzani ukigoma, usikimbilie kufunga siku tatu. Rudi kwenye kijiko na kidumu kwanza, kwa sababu mara nyingi vijiko vitatu vimekuwa vitano bila mtu kuona, na kama kweli viko vitatu, basi ni ile hesabu ya mwili mdogo, tutapunguza wanga kidogo kwenye sahani na kuongeza maharage na mboga.

Kupima: asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, mzani juu ya sakafu ngumu. Ukiuweka juu ya mkeka au zulia unaweza kukupa namba ya uongo. Pima siku tatu kwa wiki, jumlisha, gawa kwa tatu, andika hiyo tu. Mara moja kwa mwezi chukua futi kamba ya fundi upime kiuno, kwa sababu mwezi ambao mzani umenuna kiuno kinaweza kuwa kimepungua. Kwa mwanamke, kiuno kilichozidi sentimita 88 kinatuambia hatari ya moyo na kisukari imepanda, kwa hiyo hata hicho ni kituo cha kukilenga.

Dawa ya presha usiiache hata ukijisikia mwepesi kama unyoya. Ila ukikaribia 112 nenda kwa daktari wako ukapime, kwa sababu presha hushuka pamoja na uzito na dozi ya zamani inaweza kuwa nzito. Ukianza kuona kizunguzungu unaposimama, usisubiri tarehe ya kliniki. Wasomaji wengine wanaotumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), hili kwenu ni la kabla ya kuanza kabisa. Kupunguza chakula huku dozi ikibaki ileile kunaweza kuishusha sukari hadi ukazimia.

Jiandae na maneno pia. Ukifika 106 kuna wifi atakuuliza unaumwa nini, na kuna jirani atanong'ona. Kwetu kukonda bado kunasomwa kama ugonjwa au mume mbaya. Wateja wangu kadhaa wameachia njiani kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya njaa. Mtafute mtu mmoja anayejua unachofanya na kwa nini. Dada yako anafaa, hata kama hesabu yake siikubali.

Na hiyo 65? Kutoka 118 ni kupunguza asilimia 45. Kwa chakula na kutembea peke yake wanaofika huko na kubaki ni wachache sana. Utafiti wa mwaka 2021 wa sindano ya semaglutide, dawa inayozungumzwa sana sasa, ulipata wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, na hiyo ni dawa. Upasuaji wa tumbo unashusha zaidi. Kwa urefu wako kilo 118 zinatoa BMI, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, ya 45, kiwango ambacho madaktari hujadili upasuaji waziwazi, kwa hiyo kuuliza hospitali ya rufaa si kushindwa wala uvivu. Lakini mwenye presha na sukari ya mpakani anapata faida kubwa kabla ya kufika hata 100. Ukiishia 90 maisha yako yote, mimi kama mtaalamu wako nitakuwa nimeridhika, na ukurasa wa mwisho wa daftari ni wako.

Sare sasa. Miezi mitano ni wiki kama 22, na kwa mwendo niliotaja, pamoja na zile wiki za kusimama, utakuwa kati ya 102 na 107, karibu zaidi na 107. Fundi asikusubiri ufike 80. Nunua kitambaa sasa kabla rangi haijaisha dukani, mpe oda, lakini vipimo vichukuliwe wiki tatu kabla ya harusi, na mshonaji aache nafasi ya kupunguzia pembeni na kiunoni. Mwambie pia asikate mikono mapema, mkono wa juu hubadilika kuliko watu wanavyodhani.