Maswali na Majibu: Valencia siku nne kwa euro 350, inawezekana?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nyumbani Marangu, sasa nasoma shahada ya uzamili Köln, Ujerumani. Mwezi Machi tutakuwa likizo, na mimi na rafiki yangu Mkenya anayeishi Birmingham tunataka kwenda Valencia, Hispania, siku tatu au nne. Tumesikia sifa za sikukuu ya Fallas. Kila mmoja ana euro 350 za kila kitu. Je, tunahitaji viza? Zitatosha? Twende lini na tulale wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimepanga safari za watu kwa miaka kumi na tisa, na barua yako nimeifurahia kwa sababu umetaja kiasi cha pesa. Wengi huniambia tu "iwe rahisi", nami sijui rahisi ya nani.

Nianze na viza, maana hapo wewe na rafiki yako mnaachana. Wewe, kwa kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilicho hai na pasipoti iliyo hai, huhitaji viza ya Hispania. Unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba kadi ya ukaazi na pasipoti, vyote viwili. Kama kadi imeisha na umepewa karatasi ya kusubiri mpya, nenda kwanza ofisi ya wageni ukaulize kama karatasi hiyo inakuruhusu kutoka na kurudi, ndipo ulipie tiketi.

Rafiki yako ni habari nyingine. Kibali cha Uingereza hakimfungulii mlango wa Schengen, na Mkenya anahitaji viza. Ataomba kwa upande wa Hispania, si mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na juu yake kuna gharama ya kituo kinachopokea maombi na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo 350 zake si sawa na 350 zako. Mwambie leo hii, kabla hamjagusa tiketi, kwa sababu mzigo huu ukijulikana mwishoni huharibu safari na urafiki pamoja.

Jambo jingine linalowakamata watu wetu: baadhi ya mashirika ya ndege za bei nafuu yanamtaka mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya apitie kaunta hati zake zikaguliwe kabla hajaelekea kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama ameshajiandikisha kwa simu. Mteja wangu mmoja, nesi, alifika langoni dakika ishirini kabla ya kuondoka, kadi ya ukaazi mkononi, akarudishwa kaunta. Ndege ikamwacha. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa sijamwambia. Sasa naliweka mwanzoni kwa kila mteja: soma masharti ya shirika lako, na uwe kaunta saa mbili kabla, kwenda na kurudi.

Sasa tarehe, na hapa ndipo pesa yenu itakapopona au kupotea. Valencia yenyewe si ghali. Kinachopandisha bei ni wiki utakayoichagua. Fallas hasa ni tarehe 15 hadi 19 Machi: masanamu makubwa ya mbao na makaratasi husimamishwa mitaani, na usiku wa 19, siku ya Mtakatifu Yosefu, huchomwa moto. Ni sherehe nzuri mno, UNESCO iliiandikisha mwaka 2016, lakini siku hizo kitanda cha hosteli huuzwa kwa bei ya chumba cha hoteli, na kwa euro 350 siwashauri. Ila kuna njia. Kila siku kuanzia tarehe 1 Machi, saa nane kamili mchana, hulipuliwa fataki katika uwanja wa Plaza del Ayuntamiento. Wanaiita mascletà. Fataki hizi si za kutazama rangi, ni za kusikia: mlio unapanda kwa mpangilio kama ngoma, mpaka kifua kinatetemeka. Hakuna kiingilio. Nendeni wiki ya kwanza ya Machi, Jumatano hadi Jumamosi, mtaipata Fallas kwa sehemu hiyo bila kulipa bei ya Fallas.

Kwa nini Jumatano hadi Jumamosi? Ndege za Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo zinazogombewa. Utasoma kwamba Jumapili jengo la Lonja de la Seda, soko la hariri la karne ya 15, ni bure. Kweli, lakini siku nyingine kiingilio ni kama euro mbili tu, na euro mbili si sababu ya kununua tiketi ya Jumapili. Tena Soko Kuu, Mercado Central, lililo mkabala nalo, Jumapili hufungwa.

Kama huoni ndege ya moja kwa moja ya bei nzuri, pima pia ya Madrid. Kutoka huko treni ya mwendo kasi hufika Valencia kwa saa mbili au pungufu, na kwa kuwa shirika la reli la Renfe siku hizi linashindana na kampuni za Ouigo na Iryo, tiketi ikikatwa mapema hushuka sana. Jumlisha nauli zote mbili na muda wa kungoja kabla ya kuamua. Begi la mgongoni linaloingia chini ya kiti linawatosha kwa siku nne. Msilipie mzigo.

Kulala, ningechagua Benimaclet. Ni mtaa wa wanafunzi, uliokuwa kijiji kabla mji haujaumeza, na metro namba 3 inayotoka uwanja wa ndege inapita hapo hapo bila kubadilisha. Ndani ya mji mkongwe, mtaa wa El Carmen unapendeza kutembea, lakini usiku kelele zake hazilali. Mapokezi watachukua taarifa za pasipoti zenu, na tangu Desemba 2024 sheria inadai maelezo mengi zaidi kuliko zamani, basi msishtuke.

Chakula nataka nikieleze vizuri, maana ndicho kinachowafilisi wageni. Mhispania hula mlo mkubwa mchana, kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na migahawa mingi siku za kazi huweka menú del día: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji, na kitamutamu au kahawa, kwa takriban euro 13 hadi 16. Kuleni hapo mshibe. Jioni chukueni mkate, jibini na machungwa sokoni. Mkingoja kula vizuri usiku, mtalipa mara mbili.

Na paella msiile usiku. Valencia ndiyo nyumbani kwake, na wenyewe huipika mchana: ya asili ina kuku, sungura na maharage mapana, wala haina kamba wala chaza. Wengi huipika kuanzia watu wawili, nanyi mko wawili. Ikiletwa ndani ya dakika tano, ilikuwa imeshapikwa. Chini ya sufuria kuna ukoko, wao huuita socarrat, na huugombea kama tulivyougombea utotoni jikoni kwa bibi. Mchele wake hulimwa kando ya ziwa Albufera, kusini mwa mji, na jina hilo ni la Kiarabu, al-buhayra, ukoo mmoja na neno letu bahari.

Ya bure ni mengi kuliko siku mlizonazo. Mto Turia ulifurika Oktoba 1957 ukaua watu, serikali ikauhamishia kusini mwa mji, na mkondo wa zamani ukafanywa bustani ya takriban kilomita tisa. Kodini baiskeli mpite chini ya madaraja mpaka kwenye majengo meupe ya msanifu Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia. Kuyatazama kwa nje hakulipiwi, na kwa bajeti yenu nje panatosha. Mafuriko ya Oktoba 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika mkoa huo, hasa vitongoji vya kusini, huku katikati ya mji pakisalimika. Mkiongea na wenyeji, ongeeni nalo kwa upole.

Hesabu yako wewe, kwa makadirio yangu: ndege 110, vitanda usiku tatu 90, chakula 90, metro na baiskeli 30. Hiyo ni 320. Zinabaki 30, na kati ya hizo tengeni za horchata. Ni kinywaji baridi cheupe kinachokamuliwa kutoka viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago, naam, ndago ile tunayoing'oa shambani kwa hasira. Hulimwa Alboraya, na metro yenu namba 3 inafika huko, vituo vichache baada ya Benimaclet.

Wewe wa Marangu nina ombi moja. Alhamisi, saa sita mchana, simama mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Wazee waliovaa majoho meusi watakaa duara: ni Baraza la Maji, linaloamua ugomvi wa mifereji ya umwagiliaji kwa mdomo tu, desturi yenye mizizi tangu enzi za Waislamu. Mara nyingi hakuna shauri, na kikao huisha baada ya dakika chache. Lakini aliyekulia kwenye mifongo, mifereji ya maji ya Uchagani, akaona wazee wakigawana zamu za maji, atawaelewa hata bila kujua lugha yao. Kisha tembeeni polepole hadi Plaza del Ayuntamiento. Mna saa moja na zaidi kabla ya fataki, na mkiwahi mtapata pa kusimama.