Barua kwa mwanangu: asali ikutane na ndimu kwanza

Mwanangu, babangu,

Nimeupata ujumbe wako ulioniandikia asubuhi ukivuka feri. Wasema ile saladi ya tambi baridi unayobeba kazini bandarini, ikifika saa sita mchana huwa donge moja, asali imekaa chini ya mkebe, na juu hapana ladha ila ya mafuta. Waniuliza kama uache asali utie sukari. Usiiache. Nimeona nikujibu kwa barua, maana jambo hili kwa simu lingekatikakatika na wewe uko kazini.

Asali ni sukari iliyoyeyuka ndani ya maji machache sana. Katika gramu 100 za asali, maji ni kama 17 au 18 tu. Na sukari haiyeyuki ndani ya mafuta. Umenieleza kwamba waanza na mafuta ya simsim kwenye bakuli, kisha wamimina asali juu yake. Hapo asali huzama ikakaa huko huko, hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Sukari ya chengachenga nayo ingefanya vivyo hivyo, na ingekukwaruza meno juu ya hayo.

Anza na ndimu. Chagua zile za ganda jembamba, nzito mkononi, uziviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Kamua upate vijiko vitatu vikubwa. Tia asali kijiko kimoja na nusu humo humo ndani ya ndimu, ukoroge mpaka uma usikute kitu kizito chini. Sasa tia soya sosi vijiko vitatu, tangawizi mbichi ya kuparuza, punje moja ya thomu iliyopondwa, na pilipili kadiri unavyoiweza. Chumvi usiguse, soya sosi ina chumvi ya kutosha. Mafuta huja mwisho kabisa: vijiko viwili vya mafuta ya kupikia yasiyo na harufu na kimoja tu cha yale mafuta meusi ya simsim iliyokaangwa, maana yana nguvu. Mimina vyote kwenye chupa ya mdomo mpana, funga, tikisa kwa nguvu. Utaona vimekuwa kitu kimoja kizito kidogo, na uzito ule ni wa asali inayoyashikilia mafuta. Baadaye vitatengana tena. Usihangaike, tikisa upya wakati wa kula.

Kipimo hicho chatosha tambi kavu gramu 300, yaani watu wanne. Ukipika ya peke yako, kinachobaki chupani weka kwenye friji, siku mbili tatu hakiharibiki.

Tena babangu, asali hapa haikuja kufanya chakula kitamu. Sisi tambi tumezizoea za sukari, na nazi, na iliki, na zabibu juu, na najua mkono wako umekulia kwenye sinia hizo za Idi. Huku asali kazi yake ni kuituliza ndimu. Ukila, uchachu utangulie, chumvi ifuate, halafu asali uisikie nyuma. Kionjo usikichukue kwa kijiko peke yake. Chovya uzi mmoja wa tambi uliokwisha kupoa, uuonje huo, kwa sababu chakula kikiwa baridi ulimi huusikia utamu kidogo kuliko kikiwa moto, na tambi zenyewe hazina ladha. Mchuzi ulio sawasawa kwenye kijiko hupooza ukifika kwenye tambi.

Asali gani? Ile nyeusi ya Kitui uliyonayo, yenye harufu ya moshi wa kufukuzia nyuki, mimi naipenda mno kwa maziwa ya moto, lakini kwenye saladi itaimeza tangawizi yote. Tafuta ya rangi nyepesi. Na ikiganda chupani ikawa punje punje, usiitupe wala usimlaumu aliyekuuzia kwamba ametia sukari. Asali safi nayo huganda. Iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto ambayo mkono wavumilia, itarudi yenyewe.

Ndimu zikipanda bei pale Marikiti, chukua ukwaju. Mimi ukwaju naupenda hata kuliko ndimu. Uloweke kwa maji ya moto kidogo, uuvuruge kwa vidole, uchuje kokwa na nyuzi, na utie asali wakati maji yangali vuguvugu, itayeyuka mara moja. Uchachu wa ukwaju ni mpole, una uzito wake, na ukishikana na asali na thomu na kamba wa kuchoma, hutataka kitu kingine. Siki ya dukani nayo yafaa, ila ni kali, anza na vijiko viwili.

Sasa hilo donge. Zile tambi zetu za Idi hukaangwa, kisha zikapikwa kwa maji machache yakakaukia ndani. Hizi zataka kinyume chake. Chemsha maji mengi, lita tatu kwa hizo gramu 300, yawe yatokota hasa. Zipike ziive mpaka ndani, usiache kiini kigumu, maana zikipoa hukaza zaidi, na friji huzikaza tena. Ukizimwaga kwenye chujio tu ukaziacha zipoe, wanga ulio juu yake hugeuka gundi. Hilo ndilo donge lako. Zioshe. Wajapani tambi zao za soba huzisugua kwa mikono ndani ya maji baridi mpaka ule utelezi utoke, na ndivyo ufanye nawe: maji ya kwanza yatakuwa meupe, badilisha, ya mwisho yawe meangavu. Maji yetu ya mfereji msimu huu wa kaskazi hutoka vuguvugu, kwa hiyo tia barafu, na yawe maji ya kunywa, kwa kuwa tambi hizo hazirudi tena motoni. Kisha ziache zichuruzike vizuri, kama dakika kumi, ukizipindua. Tambi zenye maji huuzimua mchuzi wako wote. Zikishakauka, zipake kijiko kidogo cha mafuta.

Mboga utajua mwenyewe. Ila tango lina maji mengi: likate membamba, nyunyizia chumvi, ngoja robo saa, ulikamue kama tunavyokifanya kitunguu cha kachumbari. Karoti na kabichi zikatwe nyembamba sana. Embe bichi la kuparuza, wakati wake ukiwa, lipunguzie ndimu. Dania na njugu za kukaanga zitie unapokula, si kabla.

Na unapokwenda kazini, mchuzi upande wake, tambi upande wake. Ndiyo sababu nimekuambia chupa. Mkebe ukifungwa asubuhi pamoja na mchuzi, chumvi na ndimu huvuta maji ya mboga yote na tambi huyanywa, na mchana wajikuta unakula rojorojo. Gandisha chupa ya maji usiku, uiweke kwenye mfuko pembeni ya mkebe. Maji yenyewe utayanywa jioni. Jua la Februari na Machi hapa si la kufanyia mchezo. Chakula cha namna hii, hasa chenye kuku au kamba, kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na siku zile za kupita nyuzi 32 ni saa moja tu. Kama friji ya kazini kwenu ingali mbovu, kuku mwache nyumbani, tia njugu nyingi, na barafu usiisahau.

Umesema Jumamosi utamwandalia mwenzako na mkewe na kitoto chao. Kitoto hicho, kama hakijatimiza mwaka, kisionjeshwe mchuzi huo, hata kwa kulambishwa kidole. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo letu sisi wakubwa huvimudu, lakini la mtoto mchanga haliviwezi, na ugonjwa wake ni mbaya. Mama yake mwambie mapema kwamba ndani mna asali. Kama mtoto ameshaanza kula, mtolee tambi kidogo tupu, umkatie ndogo ndogo, kabla hujafungua chupa.

Wasalaam,
Mamako